Treni Isiyo na Moshi

Mhunzi koleo likimvunjikia mkononi, chuma kikiwa bado chekundu, hana nafasi ya kukaa chini akalilia. Chuma kinapoa. Ama atafute kitu kingine cha kushikia, hata kama ni vijiti viwili vya mti mbichi, ama afunge kiwanda aende akauze mboga. Ndipo wenye kazi yao wakasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kifaa ni kifaa tu, kazi ni ya mtu. Maneno haya ni rahisi kuyasema ukiwa umeshiba na koleo lako ni zima. Heulwen Parry wa kijiji cha Llanferwig aliyajua siku ambayo lake lilikuwa vipande viwili, na muda wa kutafuta jingine haupo.

Nyumba aliyokaa Heulwen ilikuwa ya reli. Babu yake aliipata kwa ajili ya kazi, baba yake akairithi kwa ajili ya kazi, naye akabaki nayo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumtoa. Ilikuwa nyumba ya mawe, vyumba viwili na jiko, imebanana kando ya kivuko pale reli inapokata barabara ya kijiji, hatua mia hivi kutoka kanisani. Alizaliwa humo, akaolewa humo, akafiwa na mume humo. Asubuhi alikwenda kupika chakula cha watoto wa shule, jioni akarudi kupalilia viazi vyake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mikono mipana, na mdomo wake haukujua kukaa kimya ila akiwa kanisani.

Reli yenyewe ilikuwa nyembamba, futi mbili tu kutoka chuma hadi chuma. Iliteremka maili saba kutoka machimbo ya Bryn Eithin kule mlimani hadi gati la Porth Gwyran, na kwa miaka mia moja na kumi ilishusha vigae vya mawe vya kuezekea nyumba za watu wasioijua hata njia ya kuja Llanferwig. Kisha machimbo yakafungwa. Mzigo wa mwisho ulishuka tarehe kumi na tano Oktoba, mwaka 1946, na baada ya hapo reli ikaachiwa kondoo na miba.

Lakini kulikuwa na hati. Ardhi yote ya reli ilikuwa ya ukoo wa Ashcombe, nao waliitoa mwaka 1836 kwa sharti moja: mzigo usipopita kwa miaka ishirini na moja mfululizo, ardhi irudi kwao pamoja na kila kilichojengwa juu yake. Ukoo ulikwisha kusema wazi utakachofanya. Utapanda misonobari kutoka juu hadi chini, na pale kivukoni patabomolewa ili malori ya magogo yapate pa kugeuzia. Barua aliyoletewa Heulwen ilikuwa ya adabu sana. Ilimtakia afya njema, ikamwomba awe ameondoka kabla ya mwisho wa Oktoba, 1967.

Heulwen hakuwa mtu wa kuondoka. Tangu mwaka 1963 yeye na wanakijiji wachache walikuwa wameanzisha chama cha kuifufua reli. Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Emrys Bebb, miaka sitini na sita, shemasi wa kanisa, aliyewahi kuwa dereva wa Gwenfair, injini pekee iliyobaki bandani. Na kila Ijumaa jioni walikuja wageni kama ishirini kutoka Birmingham wakiwa na mahema na makoleo ya kuchimbia. Kiongozi wao alikuwa fundi umeme mrefu aitwaye Clive Hobday. Hawa walipenda moshi wa treni kiasi cha kutia wasiwasi. Kwa miaka minne walikata miba, wakabadilisha mataruma yaliyooza, yale magogo yanayobeba reli, wakazibua mitaro, na zaidi ya yote wakaifanyia kazi Gwenfair, bomba kwa bomba, mpaka ikang'aa kama sufuria ya bi harusi. Matumaini ya chama kizima yalikuwa ndani ya boila la injini ile.

Basi mwezi wa sita wa mwaka huo wa mwisho, siku ya Jumamosi, Gwenfair aliwashwa moto akaenda mbele yadi mia mbili na kurudi. Watu walishangilia mpaka sauti zikakauka. Jioni Mzee Emrys akajifuta mikono akasema, "Uacheni moto uzimike. Kesho hakuna moto." Akaenda zake kuoga kwa ajili ya Jumapili.

Clive na wenzake walikuwa na basi la kurudi Birmingham Jumapili alasiri, na hamu ilikuwa bado imewakaba. Wakaambiana, mara moja tu, kidogo tu, kabla hatujaondoka. Asubuhi wakawasha. Wasichojua ni kwamba kioo cha kupimia maji cha Gwenfair kilikuwa na tabia ya kunata. Kiliweza kuonyesha maji nusu na kumbe ndani hakuna kitu, mpaka ukigonge, na boila likikauka juu ya moto hupasuka. Aliyeijua tabia hiyo ni Emrys peke yake, na hakuwahi kumwambia mtu.

Kanisani, Heulwen alikuwa amekaa dirishani. Aliuona moshi mweusi ukipanda kutoka bandani. Baadaye akaona mvuke mweupe ukichomoka ubavuni kwa namna isiyo ya kawaida. Akamtazama Emrys kwenye kiti cha mashemasi, akaona shingo ya mzee imekuwa nyekundu, naye ameona. Lakini kutoka nje katikati ya mahubiri, Llanferwig, ni jambo la kusimuliwa mpaka kwa wajukuu. Emrys hakusimama. Heulwen naye alikaza macho kwenye kitabu cha nyimbo, akakaa kitako. Dakika kumi baadaye ulisikika mlipuko mzito, na vioo vya kanisa vikatetemeka.

Mungu saidia, hakuna aliyeumia. Lakini paa la tanuri lilikuwa limebonyea kama kofia iliyokaliwa. Mkaguzi alikuja, akaingiza kichwa, akakitoa. "Miezi tisa," akasema. "Mkipata fundi mzuri."

Walikuwa wamebakiwa na minne.

Jumamosi iliyofuata palichimbika. Clive alisimama katikati ya banda.

"Mliuona moshi! Kanisa zima lina madirisha upande huu. Mzee, wewe ulikijua kioo kile. Ungenyanyuka dakika mbili tu!"

"Na nani aliwatuma muwashe moto siku ya Bwana?" Emrys akamjia juu. "Niliwaambia kesho hakuna moto. Au nilikuwa naongea na ukuta?"

"Ulisema kama shemasi! Ungesema kama fundi, ungesema kioo kinanata, tungekuelewa!"

"Ahaa, sasa kosa ni langu. Wageni wamekuja kwetu, wamevunja injini yetu, na kosa ni langu. Haya, bakini nayo hiyo reli. Mimi nina bustani yangu."

Akachukua kofia akaondoka, na wazee wa kijiji wakamfuata mmoja mmoja. Heulwen alibaki na birika la chai mkononi. Alitaka kusema kwamba naye aliuona moshi. Alishindwa, na aliumia kwa kushindwa huko kuliko alivyoumia kwa ajili ya boila.

Kesho yake alasiri, kabla ya basi la Birmingham, Clive alikuja kumrudishia sufuria aliyoazima na kumuaga. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama Heulwen, sijui niseme nini. Nimekuvunjia nyumba."

"Nyumba bado imesimama, na wewe unaniingizia baridi. Keti." Akamkatia kipande cha mkate wa zabibu, akampaka siagi bila kumuuliza. "Ile hati unayo?"

"Nina nakala begini, nje hapo."

"Kailete unisomee. Usinifupishie, soma kama ilivyoandikwa."

Clive akaileta, akasoma kile Kiingereza cha zamani polepole, mpaka akafika pale kwenye sharti: iwapo kwa miaka ishirini na moja mfululizo hakuna mzigo wa mawe utakaopita juu ya reli hiyo, kutoka machimboni hadi gatini, basi ardhi itarudi kwa mwenyewe.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Injini umeiona wapi?"

Clive akainama, akapitisha kidole mstari kwa mstari. "Sijaiona. Lakini Mama, treni bila injini itakwendaje?"

Heulwen akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili ile. "Kweli ninyi watu wa mjini mmeletwa na moshi. Unadhani mwaka 1836 palikuwa na injini hapa? Palikuwa na farasi. Na hata injini ilipokuja, kazi yake ilikuwa kupandisha mabehewa matupu. Mzigo ulishuka wenyewe siku zote. Kutoka Bryn Eithin hadi gatini hakuna hata hatua moja ya kupanda. Unaachia breki, mlima unafanya kazi."

"Na kusimama je?"

"Hiyo ndiyo kazi aliyofanya baba yangu miaka thelathini. Nami nilipanda naye tangu nina miaka tisa, mama akidhani niko shule."

Utauliza, kijiji kizima kilisahauje jambo kubwa namna hiyo? Hawakusahau. Walilidharau. Dereva wa injini alikuwa mtu mwenye kofia yake, aliyepewa kiti cha mbele kwenye harusi. Mshika breki alikuwa mtu wa kuloa mvua akiwa juu ya mawe. Walipoamua kuifufua reli walikimbilia kile kilichong'aa, wakaacha kile kilicholeta mkate. Na Heulwen mwenyewe, binti wa mshika breki, aliona aibu kulitaja mbele ya madereva na wahandisi. Alikuwa amejifanya mtu wa chai kwa miaka minne.

Alimkuta Mzee Emrys bustanini akipalilia vitunguu.

"Mzee, nataka mshika breki wa pili. Mimi ni wa kwanza."

Akamweleza yote. Emrys alisikiliza bila kuinua kichwa, kisha akatema mate pembeni.

"Nilikuwa dereva, Heulwen. Kushika breki ni kazi ya kuteremka tu. Hata jiwe linajua kuteremka."

"Jiwe linajua kuteremka, Mzee. Kusimama ndiko halijui."

Emrys akaendelea kupalilia. Heulwen akaona ameanza, heri amalize. "Na usinifanye mjinga. Mimi na wewe tuliuona moshi ule."

Jembe likasimama. Mzee akaliegemea. "Mahubiri ya siku ile," akasema, "sikusikia hata neno moja."

"Hata mimi."

"Lini unataka hiyo treni yako?"

"Jumamosi, tarehe kumi na nne Oktoba. Siku ya mwisho ni kesho yake."

"Jumapili siendi."

"Nimekwambia Jumamosi. Una masikio au huna?"

Emrys akaguna, lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa bandani kabla ya watu wote.

Wakaanza upya. Walichagua mabehewa sita yaliyokuwa na afadhali, wakayavunja mpaka kwenye ekseli, wakayapaka grisi, wakayachongea vipande vipya vya breki vya mbao. Emrys na Clive hawakusemeshana wiki tatu nzima. Heulwen ndiye aliyekuwa posta yao.

"Mwambie huyo Mwingereza mbao hiyo ni laini mno, itaungua kabla ya maili mbili."

"Mzee, si amesimama hapo, anakusikia."

"Mwambie."

"Mwambie Mzee Emrys nimesikia," Clive akajibu, "na aniambie ni mti gani mgumu, nami nitautafuta."

"Mwaloni," Emrys akasema, na kwa bahati mbaya akawa amemwambia mwenyewe. Watu wakacheka, yeye akaguna, na kuanzia hapo wakawa wanasemeshana, ingawa kwa kutukanana.

Walikuwa na vikwazo vingine. Daraja dogo la mawe lilitaka kujengwa upya upande mmoja. Mataruma mia mbili yalionekana mazima juu na kumbe chini ni unga. Mvua ya mwezi wa tisa iliwaloanisha mpaka mifupa. Kila Heulwen alipotoka shuleni alivaa buti za marehemu mumewe akapanda mlimani, na watu waliomwambia apumzike aliwapa koleo la kuchimbia. Alikuwa akijifunza upya. Kila siku alipanda behewa moja, akaliachia, akalisimamisha, akaliachia tena, mpaka mikono ikakumbuka yale ambayo kichwa kilikuwa kimeyapoteza.

Jumamosi ya tarehe kumi na nne mvua ilikuwa imenyesha siku tano mfululizo. Mkulima Ifan Tyddyn alileta farasi wake jike, Pegi, mwenye miguu kama magogo, akayavuta mabehewa matupu matatu matatu mpaka machimboni, huku watu wakisukuma kwa nyuma. Juu kule walipakia vigae vilivyoachwa vimepangwa tangu 1946, vyeusi kwa mvua, kila kimoja kizima. Saa nane mchana Heulwen alisimama kwenye behewa la tatu, Emrys kwenye la tano. Clive alikaa la mbele na bendera nyekundu.

"Tayari, Mzee?"

"Achia, mwanamke, nazeeka hapa."

Akaachia. Mabehewa yaliguna, yakafikiri, kisha yakaanza kwenda. Hakukuwa na moshi wala king'ora. Ilisikika ngurumo ndogo ya chuma juu ya chuma, na upepo. Heulwen alikanyaga mti wa breki kwa mguu, akauachia, akaukanyaga, na moyo wake ulijaa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni. Maili mbili zikaenda, zikawa tatu. Walipoingia kwenye kona ya juu ya kijiji, Clive alipunga bendera kama mwendawazimu.

Tangu walipopita wakipanda, kilima kilikuwa kimeporomoka juu ya reli. Tope na mawe, kimo cha mtu.

"Breki!" Heulwen akapiga kelele. Alikanyaga kwa uzito wake wote, akarukia behewa la nne akakanyaga na breki yake, nyuma akamsikia Emrys akifanya vivyo hivyo huku akimwita Bwana. Mbao zikatoa harufu ya kuungua. Treni ikasimama hatua nane kutoka kwenye tope.

Wakachimba. Kila kijana na mzee aliyekuwepo alichimba mpaka giza likaanza, na tope lilikuwa bado nusu. Hapo Mzee Emrys akashusha mikono ya shati lake, akafunga vifungo.

"Kesho ni Jumapili," akasema taratibu. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Nilikwambia, Heulwen."

"Uliniambia, Mzee. Nenda kapumzike."

Hakumnunia. Alikuwa na haki, na walipatana hivyo.

Asubuhi ya Jumapili Heulwen alikuwa kwenye tope pamoja na wageni tangu kulipopambazuka. Saa nne na nusu reli ilionekana. Ilibaki treni ya tani kumi na mbili, reli zenye utelezi wa majani, mteremko mkali kuliko yote uliopita kando ya kanisa, na mshika breki mmoja.

"Nitashika mimi," Clive akasema.

"Utashika, na utatufikisha gatini, na baharini pia. Kazi hii haifundishwi kwa asubuhi moja." Akavua glavu. "Ningojeni hapa."

Clive akaelewa anakokwenda, akamkimbilia. "Mama, tafadhali, usimlazimishe. Mara ya mwisho tulipoidharau Jumapili yenu unajua kilichotokea."

"Siendi kumlazimisha mtu. Naenda kusema yangu."

Alisukuma mlango wa kanisa, nao ukalia. Mchungaji Tegid alikuwa katikati ya mahubiri. Vichwa vyote viligeuka vikamwona Heulwen Parry akipita katikati ya viti na buti za matope, kofia mkononi, na kila alipokanyaga aliacha alama. Hakusimama mpaka alipofika mbele.

"Mchungaji, nisamehe, sitachukua muda," akasema. "Mwezi wa sita nilikaa kwenye kiti kile pale. Niliuona moshi, nikajua kuna jambo linaharibika, nikaona aibu kusimama. Nimekula aibu ya kukaa tangu siku ile, na nawaambieni, ni chungu kuliko ya kusimama. Leo treni itapita hapo nje na mzigo, maana kesho hakutakuwa na reli na mimi sitakuwa na nyumba. Nina mshika breki mmoja, nahitaji wawili. Anayeona ni dhambi abaki, nami sitamchukia. Ila nisingeweza kupita mbele yenu bila kuwaambia."

Hakuna aliyeinuka. Mtu mmoja akakohoa. Heulwen akageuka kuondoka, akiwa amekwisha kuamua moyoni kwamba atateremka peke yake, liwalo na liwe.

Kiti cha mashemasi kikalia. Emrys Bebb alikuwa amesimama, suti nyeusi, tai, kola ambayo tangu mkewe afariki hakuna aliyeweza tena kuipiga pasi kama yeye.

"Shemasi?" Mchungaji akauliza.

"Mchungaji, ng'ombe wa jirani akitumbukia shimoni Jumapili, sijawahi kusikia akiambiwa angoje Jumatatu. Na mimi nina deni la kusimama. Nililala nalo miezi minne, halilaliki."

Mchungaji Tegid alifunga kitabu chake taratibu. "Basi tutakaoomba tutaomba tukiwa wima," akasema. "Watu wawili wakashike mageti ya kivuko, magari yasije yakapita."

"Vaa koti, Emrys, utaloa!" bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na kanisa zima likacheka kwa hofu.

Treni iliachiwa saa tano kasoro dakika kumi. Ilipita kando ya kanisa ikiwa na mwendo mzuri, na watu walikuwa wamejipanga ukutani kwenye mvua. Chini ya kivuko, pale miti inapofunika reli, magurudumu yakakanyaga majani mabichi yakaanza kuteleza. Heulwen alihisi breki zinashika lakini treni haisikii. Mwendo ukaongezeka. Akakanyaga la tatu, akarukia la nne, akakanyaga, bado.

"Mchanga!" akapiga kelele. "Mzee, mchanga!"

Kisanduku cha mchanga wa kuzuia utelezi kilikuwa behewa la mbele, kando ya Clive asiyejua kuutumia. Shemasi Emrys Bebb, miaka sitini na sita, akatambaa juu ya vigae vya mvua kutoka behewa la tano hadi la kwanza, suti na yote. Clive alimshika mkanda, naye akalala kifudifudi akainamia nje akimwaga mchanga kwa viganja juu ya chuma, upande huu, upande ule. Magurudumu yakakwaruza. Yakauma. Heulwen akarudi nyuma behewa kwa behewa, akikanyaga na kufunga, akikanyaga na kufunga, machozi yanamtoka kwa nguvu alizokuwa akitumia, na treni polepole ikakumbuka adabu.

Gatini alisimama Bwana Lyall, wakili wa ukoo wa Ashcombe, chini ya mwavuli, na saa yake mkononi. Alikuja kwa sababu sharti lilimtaka awepo, na hakutarajia kuona kitu. Mabehewa sita yakatokea kwenye kona bila mlio, yakapunguza mwendo, yakapunguza tena, yakasimama mbele yake. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Akayatazama mabehewa, akamtazama shemasi mwenye mchanga mpaka kwenye ndevu. "Injini yenu iko wapi?"

"Inaumwa," Emrys akajibu, pumzi zikimwishia. "Tumeiacha imelala."

"Lakini treni..."

Clive akampa nakala ya hati. Bwana Lyall alikuwa mtu mkavu, lakini alikuwa mkweli. Aliisoma yote pale pale kwenye mvua, akarudia mstari mmoja mara mbili. Akasogea, akanyanyua kigae kimoja, akakigonga kwa kucha kama anayejaribu chungu sokoni, nacho kikalia vizuri.

"Mzigo wa mawe," akasema. "Kutoka machimboni hadi gatini. Hapana, hati haitaji injini." Akatoa kalamu akaandika. "Basi, Bi Parry, miaka ishirini na moja inaanza kuhesabiwa upya leo."

Heulwen aliketi juu ya vigae akalia kwa sauti, hadharani, bila kuficha uso. Alilia kwa furaha na kwa uchovu. Emrys aliketi kando yake, akampa leso iliyokuwa chafu kuliko uso wenyewe.

"Haya, imetosha," akasema. "Gwenfair anataka tanuri jipya, na tumekwisha kupoteza miezi minne kwa kuteremka teremka. Hobday, Jumamosi saa moja uwe bandani."

"Nitakuwepo, Mzee."

"Na wewe, Heulwen, chai atapika mtu mwingine. Nani atawafundisha hawa kushika breki?"

Jumamosi hiyo, saa moja asubuhi, nyundo zililia bandani, na juu mlimani Heulwen Parry aliwapanga watu sita kwenye behewa moja tupu, akawaonyesha pa kuweka mguu. Tanuri la Gwenfair lilikuwa bado limebonyea, na reli ilikuwa kazini. Maana kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.